Anayerudi Tena Kwenye Mstari wa Maungamo



Kila yanapokaribia maadhimisho makubwa, mstari wa waamini wanaongojea maungamo katika kanisa letu hurefuka hadi kwenye mlango wa upande wa kushoto, pale penye sanamu ya Bikira Maria. Aliyekwisha kuungama hutoka, hupiga magoti kwa kitambo ili kutimiza malipizi yake, kisha huenda zake nyumbani. Lakini katika mstari wa namna hiyo mara nyingi huwamo mmoja ambaye haendi nyumbani. Hupiga magoti, huinuka, hufika hadi mlangoni, husimama kana kwamba amesahau mwavuli, kisha hurudi na kujipanga tena nyuma ya watu wote. Waliomwona mara ya kwanza humtazama, naye huinamisha kichwa.

Haya tunayasema kwa kuwa kila aliyemo kanisani huyaona kwa macho yake. Yanayosemwa ndani ya kitubio hayatoki humo, na katika tafakari hii hamtayakuta.

Watu wanaomwona ndugu huyo hutoa tafsiri mbili. Wengine husema kwamba huyo ni mtu wa Mungu, anaijali roho yake kuliko sisi. Wengine hunong'ona kwamba lazima ameficha jambo zito. Kwa maoni yetu pande zote mbili hukosea, na juma hili tungependa kueleza sababu. Tunaandika tukiwa na deni, kwa maana kabla ya kuwakosoa waamini tulikosea sisi wenyewe.

Miezi michache iliyopita tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja ambaye zamani alikuwa mnovisi katika shirika la watawa. Ameturuhusu kusimulia habari zake mradi tusitaje jina lake, wala la shirika, wala la mahali. Anaeleza kwamba alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi, usiku wenzake walipolala, yeye aliamka kurudia rozari aliyokwisha kuisali jioni, kwa sababu katika Salamu Maria moja, asiyoikumbuka ni ya ngapi, mawazo yake yalikuwa yamekwenda jikoni. Alipoirudia mawazo yalitoroka tena, naye akaanza upya tangu Ishara ya Msalaba. Baada ya kupokea Komunyo alikagua viganja vyake, kisha sakafu, kisha mavazi, akiogopa kwamba chembe ya hostia imeanguka na imekanyagwa. Alipopiga mswaki asubuhi alijiuliza kama maji aliyomeza bila kukusudia yamevunja mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo. Na katika mageuzo, wakati ule mtakatifu kuliko nyakati zote, zilimjia akilini picha na maneno ya kukufuru ambayo hakuyataka, wala hakujua yametoka wapi. Naye alishika benchi kwa mikono miwili, akisema moyoni "hapana, hapana, hapana", hadi Misa ikaisha bila yeye kuisikia.

Aliungama kila juma, kisha kila siku mbili, kisha kila siku. Padre wa nyumba alipomwambia inatosha, alianza kutafuta ruhusa za kwenda mjini ili akawapate mapadre wa parokia nyingine wasiomfahamu. Mwanzoni walezi walimsifu mbele ya wenzake kwa moyo wake wa toba. Baadaye, alipoanza kuchelewa kazini na mezani, walimwita mkaidi na mwenye kujipenda. Mwishowe kikundi cha sala kiliitwa kimwombee, kwa kuwa mtu mmoja alisema dhahiri huyu ana pepo. Pepo hakutoka, kwa sababu hakuwamo. Binti akarudi kwao kabla ya nadhiri za kwanza, na kijijini ikajulikana kwamba utawa umemshinda.

Padre mmojawapo aliyemwendea katika safari zile za mjini ndiye sisi tunaoandika haya. Alituona ofisini, nje ya kitubio, akatueleza mahangaiko yake kwa machozi. Tulimsikiliza kwa huruma ya kweli, na kwa huruma hiyo tukampa shauri baya kuliko yote aliyopata kupewa: aandike dhambi zake zote tangu utoto, bila kuacha hata moja, afanye maungamo ya jumla kwa padre yeyote, na baada ya hapo atapata amani ya kudumu. Anatuarifu katika barua yake kwamba alijaza madaftari matatu. Alipomaliza kuungama alikuwa na amani kwa muda wa kutembea kutoka kanisani hadi stendi ya basi. Kisha akakumbuka kwamba katika daftari la pili kulikuwa na ukurasa uliogandamana na mwingine.

Madaktari wa afya ya akili wanaifahamu hali hii vizuri. Wanaihesabu kuwa sura mojawapo ya ugonjwa wa fikra zinazong'ang'ania na matendo ya kulazimika, ambao hospitalini mara nyingi huitwa kwa herufi tatu, OCD. Kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu, humpata mtu mmoja hadi watatu kati ya kila 100 katika maisha yao. Kwanza huja fikra ambayo mtu hakuiita na haipendi. Fikra hiyo huleta hofu. Hofu humsukuma atende jambo la kuituliza, kama kunawa, kuhesabu, kukagua, kurudia au kuuliza. Hofu hushuka kidogo. Lakini ubongo hapo umejifunza kwamba bila tendo lile hatari ingetokea kweli, na kwa hiyo fikra inaporudi huja na nguvu zaidi na kudai tendo refu zaidi. Mwenye kuogopa uchafu hunawa mpaka ngozi ya mikono ikapasuka. Mwenye kumpenda mtoto wake huteswa na picha ya kumdhuru mtoto huyo. Ugonjwa huu una tabia ya kuvamia kile ambacho mtu anakithamini zaidi, na kwa aliyempa Mungu maisha yake yote, ni wazi utavamia wapi.

Walimu wa maadili wa Kanisa walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya madaktari kulipa jina lao. Waliliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha, kile kinachoingia ndani ya kiatu na kumfanya msafiri asiweze kukanyaga. Katika Kiswahili tunalo neno wasiwasi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na ndugu zetu Waislamu wa pwani hulitumia barabara kwa mtu anayerudia udhu mara kwa mara akidhani maji hayakufika kiwikoni. Tunalitaja ili ieleweke kwamba hili si zao la Ukatoliki, wala la kitubio. Dini yoyote inayomtaka mtu atende jambo kwa usahihi yaweza kumpa mgonjwa huyu mahali pa kutesekea.

Wako watakaouliza kama tunataka kuwafanya watu wasijali dhambi. La hasha. Mwenye dhamiri angavu akikosa huumia, hutubu, huungama, na akisamehewa hulala usingizi. Mwenye wasiwasi wa dhamiri husamehewa na asilale. Wa kwanza anajua alichokosa. Wa pili, ukimwuliza kwa utulivu, hujibu kwamba hajui kama alikosa, hajui kama alikubali, hajui kama alieleza vizuri, hajui kama padre alisikia.

Watakatifu wetu watusaidie hapa, na tuwasome jinsi walivyokuwa, si jinsi wanavyochorwa kwenye kadi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifika Manresa, huko Hispania, mwaka 1522, akiwa ameungama kwa maandishi dhambi za maisha yake yote kwa muda wa siku tatu. Hakupata utulivu. Kila mara aliona kuna jambo amelisahau. Padre mmoja mwenye elimu kubwa akamwambia aandike yote anayoweza kukumbuka, na tunakiri kwamba tuliposoma habari hizo tuliona aibu, kwa maana ndilo shauri lile lile tulilompa yule mnovisi. Halikumfaa. Muungamishi wake akaona busara kumwamuru asiungame tena mambo ya zamani, isipokuwa yale yaliyo wazi kabisa. Maneno hayo machache, "isipokuwa yale yaliyo wazi", yaliharibu dawa yote, kwa kuwa kwa Inyasi kila jambo lilikuwa wazi kabisa. Yeye mwenyewe alitamani muungamishi amkataze moja kwa moja bila kumwachia mwanya, lakini hakuthubutu kumwambia.

Alisali saa saba kila siku, alifunga juma zima bila kula wala kunywa, na alifikia kushawishika mara nyingi kujitupa katika shimo lililokuwamo katika chumba alimokaa kwenye nyumba ya Wadominiko. Tusilipite jambo hili haraka. Mtu anayeteswa na wasiwasi wa dhamiri aweza kufika kwenye ukingo wa kujiua, na akitamka neno la namna hiyo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kuachwa peke yake. Inyasi alitoka katika giza lile alipoazimia kutoungama tena jambo lolote lililopita. Baadaye, katika Mazoezi ya Kiroho, aliweka mawaidha mafupi kuhusu wasiwasi huo, akatumia mfano wa mtu aliyekanyaga majani makavu mawili yaliyopishana kama msalaba.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alishikwa na ugonjwa huo mwezi Mei mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 12, katika mafungo ya kujiandaa kwa Komunyo yake ya pili kuu. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, mawazo yake madogo kabisa yalimtia uchungu, na kila siku alimweleza dada yake Maria yote ndipo apumue. Maria alipoingia monasteri ya Karmeli mwezi Oktoba 1886, binti huyo alibaki bila wa kumweleza. Akawageukia kwa sala ndugu zake wanne waliofariki wakiwa wadogo, na amani ikamrudia. Naye Mtakatifu Alfonsi Maria de Liguori, mwanasheria aliyegeuka kuwa padre, mwanzilishi wa shirika la Waredemptoristi mwaka 1732 na Mwalimu wa Kanisa tangu 1871, aliteseka na wasiwasi wa dhamiri kwa miaka mingi, hata katika uzee wake. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waungamishi na wa wanateolojia ya maadili. Hatudhani alikuwa mpole kwa waungamaji kwa kutojua uzito wa dhambi. Yamkini alijua pia uzito wa hofu.

Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa mtakatifu kwa sababu ya wasiwasi huo. Wote waliuhesabu kuwa mateso. Kwa hiyo mlezi anayemsifu mnovisi kwa kuungama kila siku, na mama wa jumuiya anayemtolea mfano mwanamke asiyethubutu kupokea Komunyo kwa miezi kadhaa, wanausifu ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Sasa tufike kwenye lile ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Tunaamini kwamba padre anayemsikiliza mwenye wasiwasi wa dhamiri mara ya pili na ya tatu kwa jambo lile lile, akamwondolea dhambi tena na tena ili kumtuliza, hamfanyii huruma. Anamlisha ugonjwa. Tunajua neno hili ni gumu, hasa kwetu mapadre tuliofundishwa kwamba mlango wa kitubio haufungwi.

Mwaka 1966, jijini London, mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili ambao matibabu mengine yalikuwa yameshindwa. Mmoja wao aliteswa na fikra chafu zilizohusu mambo matakatifu. Njia yake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuitekeleza: mgonjwa akabili kile anachokiogopa, kisha azuiwe kutenda lile tendo la kumtuliza, mpaka hofu ishuke yenyewe. Tangu hapo njia hiyo imepimwa na kuboreshwa na wengi, na leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi kwa ugonjwa huu. Kwa mwamini, haina maana ya kutenda dhambi wala kukufuru kwa makusudi. Maana yake ni kusali rozari mara moja, mawazo yakitoroka yatoroke, na kutoirudia. Ni kupokea Komunyo kwa heshima ya kawaida na kurudi benchini bila kukagua sakafu. Kwa kifupi, mgonjwa anaombwa afanye kile ambacho bibi zetu wacha Mungu wamekifanya daima bila kufikiri.

Ukilinganisha shauri hilo na lile lililomtoa Inyasi gizani, utaona kwamba yanakutana: usirudi nyuma, usiungame tena, vumilia hofu bila kuilipa kodi. Tofauti ni kwamba madaktari wameeleza kwa nini inafaa.

Je, padre ana mamlaka ya kumwambia mwamini, "Leo sikuungamishi tena, nenda ukapokee Komunyo"? Pingamizi hili tumelisikia kutoka kwa mapadre wenzetu wema, na lina msingi, kwa maana kanuni ya 843 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inakataza wahudumu kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati ufaao wakiwa wamejiandaa vema. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kanuni ya 988, humtaka mwamini aungame dhambi nzito anazozitambua baada ya kujichunguza kwa makini, na ambazo hazijaondolewa bado kwa funguo za Kanisa. Haimtaki aungame zilizokwisha kuondolewa. Katekisimu inafundisha kwamba dhambi ya mauti huhitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa ya makusudi, na kwamba hofu, mazoea na sababu nyingine za kisaikolojia huweza kupunguza au hata kufuta wajibu wa mtu kwa tendo lake. Fikra iliyomjia mtu akiwa ameshika benchi na kusema "hapana" haina ridhaa hata chembe. Na kanuni ya 978 yamkumbusha padre kwamba katika kitubio yeye ni hakimu na pia ni tabibu. Tabibu gani humwongezea mgonjwa dozi kwa sababu tu mgonjwa analia?

Kwa hiyo mashauri ya zamani, kwamba mwenye wasiwasi awe na muungamishi mmoja na amtii, tunayakubali, ila kwa tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba muungamishi huyo naye aweza kugeuka kuwa tendo la kulazimika. Zamani mtu alilazimika kutembea hadi parokiani, siku hizi ujumbe hufika kwenye simu ya padre saa sita za usiku: "Padre, samahani, nikiwaza hivi ni dhambi?" Padre mwema hujibu "hapana, mwanangu, lala salama", na baada ya robo saa ujumbe wa pili hufika, kwa kuwa swali la kwanza halikuelezwa vizuri. Tumejibu jumbe nyingi za namna hiyo tukidhani tunachunga kondoo. Sasa tunakubaliana na mtu mapema, akiwa ametulia, kwamba swali la namna hiyo halitajibiwa, na tunamweleza sababu, ili ukimya wetu asiuone kuwa hasira.

Ya pili inahusu nyumba za watawa na seminari, nayo ni nzito zaidi. Nyumba hizo huishi kwa kengele, kwa kimya, kwa uangalifu wa mambo madogo. Ni uzuri wake, na wengi hukua humo. Lakini kwa mwenye ugonjwa huu kila kanuni ndogo ni nafasi mpya ya kushtakiwa, na neno "utii" laweza kugeuka kuwa fimbo. Mkuu wa nyumba aliyechoka humwambia, "Nieleze yote yaliyo moyoni mwako, kisha unitii mimi." Asifanye hivyo. Kanuni ya 630 inawakataza wakuu kuwashawishi watawa kwa namna yoyote wawafunulie dhamiri zao, na inawataka wawaachie uhuru unaostahili kuhusu kitubio na uongozi wa roho. Kuhusu seminari, mwongozo uliotolewa na Vatikano mwaka 2008 juu ya matumizi ya saikolojia katika malezi ya mapadre unataka mwanafunzi akubali kwa hiari na kwa kuelewa kabla ya kupelekwa kwa mtaalamu. Basi apelekwe kwa heshima, kama anavyopelekwa mwenye malaria, na taarifa zake zisiwe habari za mezani. Kumrudisha mtu kwao kimyakimya, na kuandika kwamba hana wito, kabla hajaonwa na daktari hata mara moja, kwa maoni yetu ni dhuluma. Yamkini hana wito kweli. Lakini hilo lijulikane akiwa ametibiwa.

Na kuhusu pepo, Katekisimu yenyewe inaonya kwamba kabla ya kupunga ni muhimu kuhakikisha kuwa kilichopo ni Yule Mwovu na si ugonjwa. Vikundi vyetu vya sala vina moyo mkubwa, nasi tunavipenda. Lakini kumwekea mikono na kumpigia kelele mtu anayeogopa kwamba amemkufuru Roho Mtakatifu ni kumthibitishia hofu yake mbele ya mashahidi.

Tukiri pia juu ya mahubiri yetu. Kila Kwaresima hupandisha sauti ili kuwaamsha waliolala. Waliolala wanaendelea kulala, hata kwa kukoroma katika benchi za nyuma, na walioamka tangu zamani ndio wanaokosa usingizi. Vile vikaratasi vya kujichunguza dhamiri tunavyovigawa, vyenye maswali mengi kwa kila amri ya Mungu, tumeamua katika parokia yetu kuvipunguza.

Kuhusu tiba hapa kwetu, tuseme ukweli: wataalamu ni wachache, na walio na ujuzi wa tiba ile ya kukabili hofu ni wachache zaidi. Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna pa kwenda. Kuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe huko Dodoma, kuna idara ya magonjwa ya akili Muhimbili, na hospitali za mikoa zaweza kumpokea mtu na kumwelekeza. Dawa zipo, mojawapo, klomipramini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Mara nyingi huhitaji majuma manane hadi kumi na mawili kabla ya kupimwa kama zimefaa, wala haziachwi ghafla bila daktari. Wengine hutibika kwa dawa, wengine kwa mazungumzo, wengi kwa vyote viwili, na wako wanaobaki na mabaki ya ugonjwa kwa maisha yao yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika familia za Kikatoliki hakuna maradhi yanayofichika kirahisi kama yale yanayofanana na uchaji.

Mama aliyetuandikia barua alipata daktari akiwa amekwisha kupita miaka thelathini, baada ya muuguzi mmoja wa zahanati kumwuliza kwa nini mikono yake imepasuka namna ile. Hajapona kabisa. Anahudhuria Misa kila Dominika, anapokea Komunyo, anaungama mara moja kwa mwezi kwa padre mmoja, kwa dakika chache, na amekubaliana naye kwamba hatarudi kwenye mstari. Tulimwomba msamaha kwa lile shauri la madaftari. Alisema ameyachoma, kisha akauliza kama kuyachoma bila kuyasoma tena lilikuwa kosa. Tulitaka sana kumjibu. Tukamwuliza habari za shamba. Alinyamaza, akatazama mlango wa kanisa kwa kitambo, halafu akaanza kutueleza jinsi bei ya mbegu za mahindi ilivyopanda.

Jumamosi hii maungamo yataanza saa tisa alasiri kama kawaida. Mwenye hali tuliyoieleza, au aliye na ndugu mwenye hali hiyo, aje ofisini Jumanne asubuhi baada ya Misa ya kwanza, tuzungumze tukiwa tumeketi. Asije kwa ajili hiyo kwenye mstari.